Fungu la Thelathini na Moja

Mume wangu Zubery alipofariki, wanawake wa mtaa wetu wa Miyomboni walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Sikuwa na kitu cha kuzuia. Walinikalisha chumba cha ndani, wakanivua bangili, wakanivika nguo nyeupe, wakaniambia nisijipake mafuta ya kunukia wala wanja, na mimi nikafuata kila neno kama mgeni anayeelekezwa njia. Wakilia nawatazama, wakinyamaza nawatazama. Shoga yangu Bibie, ambaye ukuta wa nyumba yake umepakana na wangu, aliniletea uji asubuhi na jioni, akanisimamia mpaka niumalize, kisha akaniuliza kama ulikuwa na sukari ya kutosha. Sikuwahi kujua.

Nilikuwa kizuka, ndivyo tunavyomwita mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi hutoki nje bila dharura, husimami mbele ya mwanamume asiyekuhusu, huendi sokoni, huendi arusini. Sisi watu wa Iringa wenye asili ya pwani tuliishika eda kwa nguvu kuliko hao wa pwani wenyewe, maana tulikuwa wachache na tulitazamwa. Wengine huona eda ni kifungo. Mimi ilinifaa. Mtu asiyesikia chochote hana haja ya kwenda popote.

Niseme kidogo habari za kazi yetu, maana ndiyo iliyoleta haya yote. Zubery alijulikana mji mzima kuwa fundi wa nguo, na ni kweli alikuwa fundi, lakini yeye akikata, mimi nikishona. Mkasi na maneno matamu kwa wateja vilikuwa vyake, mguu wa kukanyaga cherehani ulikuwa wangu. Kwa miaka tulishona mashuka ya hospitali ya serikali na zile nguo za milia za wagonjwa, ila tenda haikuwa yetu. Ilikuwa ya tajiri mwenye duka, naye alitugawia kazi sisi mafundi wa barazani kwake. Hakutudhulumu. Ndivyo mambo yalivyokwenda siku hizo, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka wa hamsini na sita serikali ya mkoa ikaleta utaratibu mpya. Zamani tenda alipewa anayejulikana kwa wakubwa. Sasa kila biashara ilitakiwa iandikishwe ofisini Mbeya, ipewe fungu lake kwa namba. Kuchoma matofali, fungu lake. Kuni na mkaa, fungu lake. Ng'ombe wa nyama za jela, fungu lake. Ushonaji ulikuwa fungu la kumi na mbili. Biashara ndogo ilipewa fungu moja tu, na asiye na fungu hasogei kwenye tenda hata kama ndiye anayewashonea malaika. Tajiri wetu alipoona vurugu hiyo aliachana na ushonaji, akaenda Chunya kwenye tumbaku. Zubery alifurahi hata hakulala. "Mwana," akaniambia, maana jina langu Mwanakhamisi yeye alilikata hivyo, "kumi na mbili ni yetu sasa. Mashuka kwa jina letu." Kabla hajapanda basi kwenda Mbeya, homa ikamchukua.

Shemeji yangu Alawi alikuja matanga yalipokwisha. Yeye ndiye mdogo wake Zubery, ana kibanda cha kofia na kanzu karibu na soko la Mbeya, mtu mpole ambaye hata kuku akimchinja humwomba radhi. Alikaa ukumbini, mimi nikakaa nyuma ya pazia.

"Shemeji," alisema, "mimi sikufukuzi kwako. Nyumba ya marehemu umeijenga naye, tope na wewe ulilikanyaga. Ukiweza kujitegemea, kaa, wala hakuna atakayekugusa. Lakini siwezi kumwacha mke wa ndugu yangu akaishi kwa sahani za majirani. Eda ikiisha na huna kazi, nyumba tutaiuza, uje kwangu Mbeya."

Akairekebisha kofia yake.

"Jaha nimeshazungumza naye. Hana neno."

Jaha ni mke wake. Maana ya kwamba hana neno ni kwamba Alawi angenioa niwe mke wa pili, kwa heshima zote, mahari na kila kitu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo lililonichosha, maana mtu mwenye nia mbaya unaweza kumtukana ukapumua. Mimi nilitaka kubaki kwangu. Lilikuwa jambo pekee nililolitaka, na hata hilo nililitaka kama mgonjwa anavyotaka chakula, bila hamu, kwa kujua tu kwamba asipokula atakufa.

"Nenda ofisini kwa jina langu," nikamwambia. "Sema fungu la kumi na mbili. Ushonaji."

"Kumi na mbili. Nimeshika."

Nikamtolea makaratasi yote ya Zubery, naye akayatia mfukoni mwa koti akaenda zake.

Aliporudi nilimsikia tangu barazani akimsalimia Bibie kwa sauti ya mtu aliyeoa. Akaketi, akashusha pumzi, akasema tumepata, nimo kwenye daftari la mkoa, Mwanakhamisi mjane wa Zubery, jina zima.

"Kumi na mbili?"

"La thelathini na moja."

"Hilo ndilo la nini?"

Nikaona kivuli chake juu ya pazia kinavua kofia.

"Mazishi, shemeji."

Hapa lazima nirudi nyuma. Pale hospitali walikuwa wakifa watu wasio na mtu. Dereva wa kutoka pwani, mchimba dhahabu aliyeugulia njiani, mzee asiyejulikana kwao. Maiti akiwa Mwislamu, Tadeo, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, Mhehe wa Tosamaganga na Mkatoliki safi, alikuwa anakuja kwetu mwenyewe kusema, "Bwana Zubery, tumepata mtu wenu." Basi Zubery hutoa bafta nyeupe, mimi huichana. Sanda haipitiwi na cherehani. Unaichana kwa mkono, na panapotaka kushikizwa unachomoa uzi humo humo ndani ya kitambaa. Akiwa mwanamke, mimi na Bibie huenda kumwosha. Hatukuchukua hata senti, wala haikutupitia akilini kwamba kuna cha kuchukua. Ni thawabu, na ni haki ya maiti. Daktari mkuu wa zamani, Mzungu, aliguswa na jambo hilo, akawa anaandika barua za shukrani zenye muhuri wa serikali. Zubery alizitunza kama hati ya shamba.

Kumbe karani wa Mbeya alimwuliza Alawi swali moja tu: biashara hii imeshaipatia serikali nini, kwa jina lake yenyewe? Mashuka yote yaliandikwa jina la tajiri. Nguo za milia, jina la tajiri. Alawi akaona ndugu yake ataonekana mtu wa hivi hivi, hana alilolifanya duniani. Akatoa zile barua.

"Karani alizisoma kwa sauti," Alawi akanieleza, na sauti yake ikaanza kukatika. "Shemeji, alisimama. Karani wa serikali, Mkristo, alisimama wima kwa ajili ya Zubery. Akasema mkoa mzima hakuna hata mmoja katika fungu hilo. Tenda ni yako bila mshindani. Mimi nikamwambia andika."

Alikuwa analia kwa furaha nyuma ya pazia langu. Alikuwa amekwenda kumtafutia shemeji yake kazi, akamkuta ndugu yake anaheshimiwa, akasahau alilotumwa. Zamani ningemtupia kiatu. Mimi nilikuwa mtu wa hasira, Miyomboni yote inajua, niliwahi kumfukuza muuza mkaa hadi kisimani kwa debe lisilojaa. Siku ile nilimwambia, "Ahsante, shemeji, umesumbuka." Niliangalia cherehani yangu pale pembeni, nikafikiri: katika kazi zote za nguo wamenipa ile moja isiyotaka cherehani. Nikafikiri hivyo tu, kama ninayefikiria mambo ya jirani.

Karatasi ya tenda ilikuja kwa posta. Nilisoma mwenyewe, maana Zubery alinifundisha herufi za kizungu ili nimsaidie kuandika vipimo. Upande mmoja waliandika sanda ya mwanamume, sanda ya mwanamke, sanda ya mtoto. Upande wa pili waliacha mahali pa bei. Bibie alikuwa ameketi mkekani ananisubiri nimalize uji.

"Wanataka nini?" akauliza.

"Bei ya sanda."

"Sanda ina bei?"

"Ndiyo wanavyouliza."

"Waandikie tulivyozoea."

Nikaandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, nzuri za duara. Sikuandika kwa ucha Mungu, nisije nikajipamba. Niliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu Bibie hakuona kosa nami sikuona. Wanawake wawili wazima, mmoja anategemea tenda hiyo ili abaki nyumbani kwake, wakaitia bahasha mate wakaifunga.

Eda ikaisha. Bibie na mama yake walikuja kunitoa, wakaniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakanifukiza udi. Mama yake Bibie alikuwa mzee tayari, macho yameanza ukungu, lakini mikono yake ilikuwa bado na nguvu ya kusugua mgongo wa mtu. Nilipokuja Iringa mwali, sijui hata kuwasha moto wa kuni za huku, yeye ndiye alinifundisha, akanizalisha mimba iliyotoka, akakaa nami. Siku ile ya kunitoa eda aliniambia, "Lia sasa, mwanangu, umeruhusiwa." Nikamwambia nitalia baadaye.

Siku chache mbele ikaja barua ya kuniita Mbeya.

Nilisafiri na basi la Relwe, lile la shirika la reli, kutwa nzima, vumbi la Uhehe likaingia na vumbi la Usangu likafuata. Nilifikia kwa Alawi. Jaha alinipokea vizuri, akanionyesha chumba. Kitanda kimeshatandikwa, chandarua kipya, hata msumari wa kutundikia buibui umepigwa kwa kimo changu. "Hiki chako, dada, ukija," akasema. Alisema kwa ukunjufu, na nikaona mikono yake anaifuta kwenye kanga, anaifuta na kuifuta, ingawa ilikuwa mikavu. Nililala kitandani mwangu mwa kesho na nikajua kabisa kwamba kama kesho ofisini mambo yatakwenda kombo, nitakuwa mtu wa chumba hiki mpaka nife.

Karani aliitwa Andendekisye, kijana wa Kinyakyusa wa kanisa la Moravian, suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alinyanyuka aliponiona.

"Ndaga, mama, ahsante kwa kuja. Shida hapana kubwa. Hii karatasi yako, hapa bei umeweka sifuri."

"Ndivyo ilivyo."

"Najua, mama. Hata kwetu Tukuyu mtu akifa majirani wanakuja na nguo, kila mtu na yake, tunamzika nazo. Hakuna kuuza. Lakini hii ni tenda. Mkubwa akiiona hivi atasaini leo leo, maana bei ya chini anaipenda sana. Ukishasainiwa, mwaka mzima utatoa sanda bure, mahospitali na majela yote, toka Idodi mpaka Chunya. Utaweza?"

Nikamwambia sitaweza. Nikamwambia pia kwamba mimi ni mshonaji, kwamba shemeji yangu alikosea, kwamba naomba aniweke fungu la kumi na mbili. Nilisema yote hayo kwa utaratibu, sauti haikupanda hata mara moja. Yeye ndiye aliyeonekana kuumia.

"Mama, fungu likishaandikwa mwaka huu halibadiliki. Na kumi na mbili wanataka ushahidi wa kazi kwa jina lako. Ushahidi wako wote ni huu." Akagusa zile barua za daktari kwa ncha za vidole. "Mimi nilifikiri nakusaidia. Kweli kabisa."

"Umenisaidia."

"Basi weka bei. Hata ndogo. Au futa, nikuandikie umejitoa, urudi nyumbani."

Nyumbani. Nilitaka kumwuliza nyumbani kupi. Akanisukumia kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa sanda ya mwanamume mzima, nami mwanamume mzima niliyemchania sanda mwisho alikuwa Zubery. Alikuwa mrefu, bafta ya kawaida haikumtosha miguuni, ilibidi nichane nyingine. Nilijua basi inakwenda bafta kiasi gani, na karafuumaiti, na ubani, na pamba. Nikajumlisha, nikaongeza kidogo juu ya bei ya dukani, kama anavyoongeza muuza nyanya, maana bila ile ya juu hakuna nyumba. Nikaandika. Kisha ya mwanamke. Kisha ya mtoto, ambayo ni nusu. Andendekisye alikuwa anatazama dirishani, mlima Loleza umefunikwa wingu, na hakugeuka mpaka niliposema tayari.

Usiku ule Jaha alipika pilau. Alipojua nimepata tenda na narudi Iringa alinikumbatia muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kazi ikaanza. Bafta ilikuja kwa marobota. Nilikwenda kwa Mwalimu Yunusu wa msikitini kwetu kumwuliza, maana nilitaka nijue nimesimama wapi, akaniambia ni halali kabisa. Aliyeniuzia bafta si ameuza? Mchimba kaburi wa manispaa si analipwa? Mradi nisipunje. Sikupunja. Hata leo naweza kusimama mbele ya yeyote kwa hilo.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakuniambia kwa sababu sikumwuliza. Zamani nilichana sanda mtu akiwa ameshakufa, na jina lake nimeambiwa, au kama hana jina, nimeambiwa alikotoka. Sasa maagizo yalitaka vitu viwe tayari, maana gari la serikali halisubiri. Kwa hiyo nilichana mapema. Wanaume ukuta huu, wanawake ukuta ule, watoto kando ya mlango. Zote zimekunjwa, zimefungwa kwa kamba ya katani, kila furushi na kibandiko cha fungu, 31. Ukumbi wangu ulijaa sanda za watu waliokuwa bado wanakula na kugombana huko waliko. Nilizipanga vizuri. Tadeo alipokuja kuchukua za hospitali hakusema tena tumepata mtu wenu. Alisema, "Mama, leo naomba za kiume mbili, ya mtoto moja, weka sahihi hapa." Nami niliweka sahihi.

Bibie mwanzoni alikuwa anakuja kama kawaida na ukili wake wa mkeka, anakaa mkekani anasuka. Siku moja akainua macho akatazama ule ukuta wa wanawake, juu mpaka chini.

"Na mimi nimo humu?" akauliza.

"Wewe mfupi, itakutosha ya mtoto," nikasema.

Tulicheka. Tulicheka vizuri tu, lakini baada ya hapo alianza kukaa kibarazani, akisema ndani kuna joto. Iringa, mwezi wa Juni, na baridi yote ile. Baadaye akawa anasalimia akiwa njiani. Sikukasirika wala sikumfuata. Watu wakaanza kuelekezana mitaa kwa nyumba yangu: ukifika kwa mama wa sanda, pinda kushoto. Wanawake waliokuwa wakinitumia mtoto kuazima chumvi wakawa wanaazima kwingine. Hakuna aliyenitukana, walinipisha njia na kunipa shikamoo hata wa umri wangu. Nilibaki kwangu. Bati la jikoni nililibadilisha, Alawi alituma salamu kwamba anajivunia shemeji yake, na cherehani nikaifunika shuka nikaitumia kuwekea taa.

Mwaka ukageuka hivyo. Ungeniuliza kama nina furaha ningekuambia nina nyumba.

Asubuhi moja, baada ya mvua, nilikuwa nafagia matope barazani nikamwona Bibie anakuja. Hakukata kupitia uani kama zamani, alizunguka kwa njia kuu, akaja kwa mbele. Kanga ameifunga kiunoni, kichwa hakijachanwa, miguu peku. Akasimama chini ya ngazi, pale wanaposimama watu wa hospitali na watu wa jela.

"Hodi," akasema, na mimi nipo mbele yake.

"Karibu."

Hakupanda. "Mama amefariki," akasema. "Alfajiri hii. Nataka ya mwanamke."

Mimi na yeye tumeosha wangapi pamoja sijui. Tumebeba maji pamoja, tumeshika vichwa vya watu tusiowajua kana kwamba ni vya mama zetu. Na sasa ni mama kweli, yule aliyenifundisha kuwasha moto. Nilipaswa kuutupa ufagio. Nilipaswa kushuka, nimshike, tuingie kwao bila neno, na sanda ingefuata yenyewe, kwani sanda ya mama ingekuwa na bei gani? Nilijua yote hayo, niliyaona mbele yangu yamepangwa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni bei. Niliitaja kwa sauti ile ile ninayomtajia Tadeo, shilingi na senti zake.

Bibie akaitikia kwa kichwa. Hakushangaa, na hilo ndilo nililoliona kabla ya mengine. Alikuja akijua kuna bei, na pesa alikuwa nazo, pembeni mwa kanga, ndani ya fundo. Akalifungua kwa meno, akahesabia kiganjani mwake, akaniwekea kwenye ukingo wa baraza. Nikaingia ndani, nikatoa furushi moja ukuta wa wanawake, nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili. Kibandiko kilikuwa juu, akakifunika na kidole gumba.

Akageuka aende, kisha akarudi hatua.

"Na kumwosha," akasema, "unachukua kiasi gani?"

Hakuuliza kwa kebehi. Angeuliza kwa kebehi ningejua la kumjibu, ningepata hata hasira ya kumjibia. Aliuliza kama unavyomwuliza mwenye duka, kwa adabu, kwa wasiwasi mdogo kwamba pengine pesa alizobakiwa nazo hazitatosha. Nilitaka kumwambia Bibie, ni mimi. Nilitaka kumwambia sichukui kitu, wewe hunijui, ngoja nivae viatu.

"Kuosha hakumo kwenye fungu langu," nikasema.

"Haya," akasema Bibie. "Ahsante, mama."

Mama. Miaka yote hiyo tunaitana shoga. Akaondoka na furushi lake kifuani, akiruka madimbwi, na hapo ndipo kitu kilipofika kwenye kifua changu na kunishika, kikubwa, chenye makucha, kikakaa. Kiliniuma mpaka nikashika nguzo. Zubery, na mama yake Bibie, na Bibie mwenyewe aliye hai na ambaye nilikuwa nimemwuzia, wote walikuja pamoja na sikuweza kuwatenganisha. Nikamwita. Sauti haikutoka. Nikamwita tena, ikatoka ndogo, na yeye alikuwa ameshafika nyumba ya tatu, anabisha hodi kwa wenyewe, anaulizia kama kuna mtu anayejua kuosha maiti.